Mama Miavuli na Mlango wa Banda la Droni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mama Miavuli atavua aproni yake ya bluu, ataikunja mara nne kama anavyokunja kila kitu, kisha atatoka kwenye geti la ghala letu la dawa akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu tulimkuta hapa. Wapo walioajiriwa, wakapanda vyeo, wakahamishwa na wakasahauliwa, naye yuko pale pale kwenye meza ya kufungasha, karibu na lile dirisha lisilofunga vizuri.

Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye meza moja kwa muda mrefu. Wameniambia uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini nimesali juu ya jambo hili, na kila nikiinuka kwenye sala naikuta hasira bado imekaa pale pale ikinisubiri, basi nimeona labda Mwenyezi Mungu hataki initoke. Msomaji anivumilie. Mazuri ya mama huyu ni mengi, na mengine hayasimuliki huku mtu akitabasamu.

Alianza kwa kufagia. Wakati huo ghala lilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, na dawa zilisafiri kwa lori ambalo siku za mvua lilikuwa likisukumwa kuliko lilivyokuwa likiendeshwa. Mfungashaji wa kwanza alipougua mgongo, Mama Miavuli aliweka ufagio pembeni akashika kamba, na hakuurudia tena. Amefungasha dawa za kwenda kwa lori, kwa pikipiki, kwa mtumbwi na kwa punda. Kuhusu punda huwa anasema ndiye dereva pekee ambaye hakuwahi kumwomba risiti.

Anasifika kwa mambo mawili. La kwanza ni ulimi. Mtu akileta boksi limefungwa vibaya, hamgombezi. Analishika, analitikisa karibu na sikio lake, halafu anamuuliza kwa upole, "Mwanangu, humu ndani umeweka dawa au njuga?" Mtu huyo hafungi vibaya tena maishani.

La pili ni fundo lake. Zamani alikwenda kwenye zahanati moja ya mbali kupeleka chanjo, akamkuta mkunga amemshika mama aliyejifungua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anahangaika na boksi letu, anavuta kamba kwa meno. Mama Miavuli alirudi na picha hiyo kichwani. Kesho yake akaanza kufunga fundo jipya, ambalo ukivuta ncha moja tu kwa vidole viwili linaachia lote. Tangu siku hiyo hakuna boksi lililotoka hapa na fundo jingine. Anatuambia, "Mkono wa pili wa mkunga una kazi. Tusiuombe."

Kisha zikaja droni.

Kwa wale wageni kwenye jarida letu, nieleze. Hizi ni ndege ndogo zisizo na rubani, tulipewa na wafadhili kwa ajili ya siku za majanga, mafuriko na maporomoko, pale barabara inapokufa na mtumbwi haupiti. Zinajiongoza zenyewe. Unaiambia mahali pa kwenda, basi. Inapima upepo, inachagua njia, inafika, inaachia boksi lishuke taratibu kwa mwavuli wa kitambaa, inageuza, inarudi nyumbani kama kuku jioni. Fundi wetu wa mitambo alipotueleza mara ya kwanza, Mzee Komando wa getini aliuliza kama inaweza pia kwenda kumchukulia mshahara.

Mama Miavuli alipewa kazi ya kufungasha mizigo yake na kushona na kukunja ile miavuli, na hapo ndipo jina lilipotoka. Aliichukulia kazi hiyo kama mtu aliyepewa mjukuu. Ili kujua kama boksi linatua salama, alilijaza mayai, fundi akalipandisha juu na kuliachia. Mayai yalivunjika. Akabadilisha pamba, akajaza mengine. Yakavunjika. Wiki nzima ofisi ilinuka mayai na tulikula mayai mpaka wengine wakakimbia wakati wa chai. Mhasibu alipolalamika, akaambiwa, "Vumilia, baba. Siku yai moja likifika zima, jua kuna mtoto atakayefikiwa na dawa nzima." Siku lilipofika zima alilibusu. Yai hilo hatukulila. Lilikaa juu ya friji ya chanjo mpaka lilipoanza kutukumbusha kwamba lipo.

Mpaka hapo ningeweza kumaliza kwa amani. Lakini droni zilipewa banda, banda likapewa mlango wa mbao, na mlango ukapewa kufuli.

Mkuu wetu wa ghala, ambaye wafanyakazi wote tunamwita Bwana Utaratibu na yeye analijua jina hilo na analipenda, aliona mali ya wafadhili inaweza kuibwa. Sawa. Mwizi yupo kila mahali. Akatia kufuli kubwa kama ngumi. Sawa. Akasema ufunguo utakuwa kwake yeye peke yake, kwenye mkufu wake wa funguo, na mkufu utakuwa kiunoni mwake popote aendapo. Tukauliza, je, ufunguo wa akiba? Akasema upo, kwenye droo ya meza yake. Ofisi yake ikifungwa, je? Akasema hakuna tatizo, ufunguo wa ofisi anao yeye. Uko wapi? Kwenye mkufu ule ule.

Nawaomba mlisome hilo mara mbili. Mimi nililisikia kwa masikio yangu, na tulicheka. Mama Miavuli peke yake hakucheka. Alisema, "Mkuu, hapo umefungia ufunguo ndani ya ufunguo." Bwana Utaratibu akamjibu kwamba yeye ashughulike na kamba.

Ndege zilikaa. Wageni walipokuja, banda lilifunguliwa, droni zikafutwa vumbi zikang'aa, picha zikapigwa, banda likafungwa. Zilifutwa vumbi kuliko watoto wa wengine wetu.

Mwaka uliofuata mto ukaacha njia yake. Wenyewe mnakumbuka. Daraja lilikwenda na maji asubuhi, watu wanalitazama, na upande wa ng'ambo ukabaki peke yake na zahanati yake moja na mkunga wake mmoja. Umeme ulikatika huko, friji ikafa, na maji yaliingia stoo. Mchana mkunga wa ng'ambo akapiga simu ya upepo. Tulikuwa wote chumbani. Alikuwa na mama aliyetoka kujifungua, mtoto salama, lakini damu haikati. Sindano za kukata damu zilizobaki zimeharibika kwa joto. Alisema, "Nisaidieni hata moja. Nisaidieni upesi."

Mama Miavuli hakuuliza swali. Alikwishafungua friji kabla mkunga hajamaliza kusema. Alipanga sindano, akazizungushia barafu, akafunga fundo lake, akaukunja mwavuli juu. Fundi wa mitambo alikuwa amewasha kompyuta yake na kuiambia droni mahali pa kwenda. Mvua ilikuwa imepungua, upepo ulikuwa mwema. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mlango.

Bwana Utaratibu alikuwa kwenye semina mji wa jirani. Semina ilihusu nini? Ilihusu kujiandaa na majanga. Sitii chumvi. Tangazo lake lilikuwa limebandikwa pale mapokezi.

Simu yake ilikuwa imezimwa, maana kwenye semina utaratibu ni kuzima simu. Ilipowashwa wakati wa chakula, fundi alimweleza. Tukamsihi aturuhusu tuvunje. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje, kila mtu alisikia jibu. "Msiguse mali ya wafadhili. Atakayegusa kufuli ajihesabu hana kazi. Nakuja na ufunguo mwenyewe." Tukasema daraja limekwenda, na barabara ya huko imejaa maji. Akasema, "Nipo njiani."

Nipo njiani. Neno hilo ningepewa uwezo ningelifuta kwenye lugha.

Mama Miavuli alisimama mbele ya mlango wa banda amekumbatia boksi kifuani. Tulimletea kiti, hakukaa. Tulimletea mwavuli wa mvua, akautumia kulifunika boksi. Mkunga alipiga tena, kisha tena, kila mara sauti imeshuka kidogo. Mwisho alipiga si kuomba, bali kutuambia dawa tusiitume tena. Jua lilikuwa bado halijazama. Barafu kwenye boksi ilikuwa imeyeyuka na kumlowesha aproni yote, na mtu asiyejua angedhani ni mvua.

Wahenga wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku ile halikuumia tumbo. Alikufa mtu, mama wa mtoto ambaye alikuwa hajapewa hata jina, na ndege inayojiongoza yenyewe, ambayo haina haja ya rubani, wala barabara, wala daraja, ilikuwa imesimama hatua chache kutoka kwenye dawa, imeng'arishwa, upande wa pili wa ubao wenye unene wa vidole viwili.

Bwana Utaratibu alifika kesho yake. Alifungua banda, akahesabu droni, akakuta zote zipo, akamshukuru Mungu. Nami ni mtu wa kumshukuru Mungu katika yote, lakini shukrani ile niliona aibu kuisikia.

Mama Miavuli alirudi mezani akaendelea kufungasha. Ila tuligundua kwamba mkoba wake umekuwa mzito. Kila asubuhi aliutua juu ya meza ukasema du! Tulimtania, tukamuuliza kama mzee wake amemfukuza na sasa anatembea na vyombo vyake vyote. Alicheka akasema, "Ni kipodozi. Mtu mzima hajui lini ataitwa kwenye sherehe." Mzee wake ni mwashi mstaafu, mcheshi kama yeye, na alipokuja siku moja kumchukua tulimshtaki kwake. Akakuna kichwa. "Nyie mnalalamika mkoba? Mimi nyumbani nimepotelewa na nyundo yangu kubwa, sijui nimshtaki nani."

Mwaka mwingine ukapita, mvua ikarudi, na safari hii mlima ulio nyuma ya zahanati ile ile ukaporomoka. Udongo ulifunika barabara na nyumba kadhaa. Mkunga wa ng'ambo alipiga tena. Majeruhi walikuwa wengi, alihitaji dawa za vidonda na za maumivu, na katikati ya vurugu hiyo alikuwa na mama wa kujifungua, na aliogopa. Alisema anaogopa, na sote tulijua anaogopa nini.

Bwana Utaratibu alikuwa makao makuu, kwenye kikao. Mkufu ulikuwa kiunoni mwake.

Mama Miavuli alifungasha maboksi yote mwenyewe, akayapanga mbele ya banda kwa mstari. Kisha akarudi mezani, akafungua mkoba, akatoa kipodozi.

Mzee Komando alikuwa kazini, na kazi yake ilikuwa kumzuia. Alisimama mbele ya mlango akanyoosha mikono. Alimwambia, "Dada yangu, usinitie matatani. Nimebakiza kidogo na mimi nipumzike."

"Komando, wewe umeajiriwa ulinde nini?"

"Geti."

"Geti liko wapi?"

Akaonyesha.

"Basi ligeukie ulitazame vizuri. Naona kama kuna mtu anataka kuiba."

Mzee Komando aligeuka. Alilitazama geti lile kwa bidii ambayo hajawahi kulitazama nayo kabla wala baada. Nyuma yake nyundo ililia mara kadhaa, kufuli likaanguka, na Mama Miavuli akasema, "Fundi, haya." Droni zilitoka moja baada ya nyingine. Zilipaa juu ya paa letu zikielekea ng'ambo, na tulisikia mlio wao mpaka ukapotea, na mama huyu amesimama uani, nyundo mkononi, shingo imepinda, midomo inacheza. Alikuwa akisali. Mimi nilikuwa pembeni yake, nami nilisali, na wote tuliokuwepo tulisali kila mtu kwa namna yake.

Mkunga alikuwa ametandika shuka mbili nyeupe uwanjani, kama walivyokubaliana. Maboksi yalishuka juu yake. Baadaye alipiga simu na hatukuelewa anachosema kwa sababu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ila sentensi moja tuliisikia vizuri: "Mwambieni nimelifungua kwa mkono mmoja!"

Mama yule aliishi. Mtoto aliishi. Majeruhi waliofikiwa na dawa wako hai, na wengine mnawaona sokoni.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi. Mama Miavuli aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kosa: kuharibu mali ya ofisi, yaani kufuli. Waliokaa mezani walikuwa watu wazima, wana mama zao na wake zao. Waliuliza kama anajutia kitendo chake. Akajibu, "Najuta sana. Najuta nyundo nilichelewa kuitumia mwaka mzima." Wakamwandikia onyo kali, wakamwondoa usimamizi wa meza, wakampeleka chumba cha nyuma kubandika lebo kwenye chupa. Mwanamke aliyewafundisha wote kufunga boksi! Alikwenda bila kununa. Alibandika lebo zilizonyooka mpaka ukaona aibu kuinywa dawa yenyewe.

Baada ya muda wageni wa wafadhili wakaja, wamesikia habari njema za droni zilizookoa watu kwenye maporomoko. Walimpongeza nani? Bwana Utaratibu. Alipewa cheti, kipo mapokezi ndani ya fremu, na chini yake ipo picha ya siku ya pongezi. Mkipita, itazameni. Bwana Utaratibu yupo katikati anapokea boksi la mfano kutoka upande wa kushoto. Upande wa kushoto mtu hayupo, amekatwa. Umebaki mkono tu, umeshika boksi, kidole cha shahada kiko kwenye ncha ya kamba. Mkono huo mnaujua. Walimwita kutoka chumba cha nyuma aje afunge boksi la picha, halafu wakamwambia asogee kidogo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema. Huyu alikuwepo, na lake wakalichukua.

Tusingekuwa na mkunga wa ng'ambo, mambo yangebaki hivyo. Daraja jipya lilipokamilika alikuja mwenyewe, akiwa na sare yake ya kazi, pamoja na watoto wawili na watu wao. Mmoja alikuwa mgongoni kwa mama yake. Mwingine, aliyemzidi mwaka mmoja, alikuwa ameshikwa mkono na bibi yake. Mkunga aliwaingiza wote ofisini kwa Bwana Utaratibu bila miadi, akasema maneno machache, mlango ukiwa wazi. "Mkuu, hawa wote wawili nimewapokea kwa mikono yangu. Zahanati ileile, dawa ileile, ndege zilezile. Huyu ana mama na huyu hana. Nimekuja unionyeshe tofauti yao, maana mimi kwenye uuguzi sikufundishwa."

Bwana Utaratibu aliwatazama watoto wale, mmoja baada ya mwingine. Bibi wa mtoto alikaa tu kwenye kiti cha wageni, akakaa, akakaa. Mwisho mtoto alisinzia mapajani mwake, na mkuu wetu akafungua mkufu kiunoni, akatoa ufunguo wa banda.

Tangu siku hiyo ufunguo ulining'inia kwenye msumari chumba cha kufungasha, kila mtu anauona. Mama Miavuli alirudishwa mezani. Mvua zimekuja na kwenda, droni zimetoka kila zilipoitwa, na haikuhitajika nyundo, ingawa mkoba haukupungua uzito. Hata mwizi hatukumwona. Mafanikio yake ni hayo. Sina takwimu na sitaki kuzitafuta. Ulizeni ng'ambo.

Mimi nilidhani ugomvi umekwisha. Mwezi uliopita tangazo likabandikwa. Lilisema kwamba kufuatia kustaafu kwa msimamizi wa meza ya kufungasha, ufunguo wa banda la droni utarejeshwa ofisini kwa mkuu wa ghala, kwa sababu za usalama, na utatunzwa kwa utaratibu wa awali.

Utaratibu wa awali! Ndugu zangu, damu ilinipanda mpaka nikaona nyota. Tunamnunulia mama wa watu keki, tunamwandikia wasifu mchangamfu, tunamtafutia wimbo wa kuagia, na huku hata kiti chake hakijapoa tunarudisha mkufu kiunoni. Mawingu hayo yanajikusanya, kila mtu anayaona. Mkunga wa ng'ambo bado ni mmoja. Wanawake wa ng'ambo bado wanazaa. Mimi nauliza hapa kwa maandishi, na jina langu liko kwenye orodha ya wafanyakazi, anayetaka kuniita kwenye kamati aniite: usalama wa nani?

Nilikimbia na tangazo lile mpaka mezani kwake. Alikuwa anakunja mwavuli. Alilisoma, akalikunja nalo mara nne, akaniambia, "Hasira ni kama barafu, mdogo wangu. Ukiikumbatia inakulowesha wewe. Ifungashe, uitume inakotakiwa." Nimejaribu, na nadhani hapa ndipo inakotakiwa.

Yake yeye aliituma hivi. Siku iliyofuata alikwenda kuukagua mlango wa banda, maana ukaguzi wa majengo ya kufungashia bado uko chini yake mpaka Ijumaa. Akaona mchwa. Mimi mwenyewe nimewaona, mmoja hakika, na wa pili nadhani. Akajaza fomu ya matengenezo, akaipeleka kwa Bwana Utaratibu, na mkuu akaisaini kwa furaha, kwa sababu hakuna kitu kinachomfurahisha kama fomu iliyojazwa vizuri. Jioni ile ile alikuja seremala na mkokoteni, akafungua bawaba, akaupakia mlango pamoja na kufuli lake, akaondoka nao.

Kesho yake Bwana Utaratibu alipita uani akasimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Tuliokuwa dirishani tulisikia yote.

"Mlango uko wapi?"

"Umekwenda kutengenezwa, mkuu. Kwa utaratibu."

"Unarudi lini?"

"Hapo sasa. Seremala ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, namjua vizuri. Kazi yake nzuri mno, lakini ni mtu wa polepole. Anasema mbao zinahitaji kukauka kwanza, na mvua hiyo ndiyo inaanza."

"Na usalama je?"

"Komando ameshahamishia kiti chake hapa. Anasema geti amelitazama vya kutosha."

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa boksi dogo la dawa lililofungwa kamba, akampa kwa mikono miwili kama mtu anavyomkabidhi mkubwa wake. "Na huu ndio ufunguo wenu, mkuu. Nimeurudisha kabla ya siku. Vuta ncha hiyo tu, linafunguka lenyewe."

Tuliomba asichungulie dirishani, kwa maana baadhi yetu tulikuwa tumekaa sakafuni kwa kicheko.

Ili droni zisilowe, banda sasa lina pazia. Amelishona mwenyewe kwa miavuli chakavu ya miaka yote, ile iliyokwisha kwenda ng'ambo ikarudi na mkunga, mingine ina madoa ya udongo wa maporomoko yale. Ni zito, halipitishi maji, na hufunguka kwa mkono mmoja. Nimelijaribu.

Mama Miavuli, dada yetu mkubwa, mama yetu. Tunakushukuru kwa kila fundo. Tunamshukuru mzee wako kwa kutukopesha wewe miaka yote hii, na kwa nyundo. Utuombee nasi tukuombee. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mrefu asubuhi za mvua, wajukuu wasiogope ulimi wako, na mkoba mwepesi. Sikio lako lipumzike kutikisa maboksi, ingawa najua ukiletewa zawadi Ijumaa utaitikisa kwanza.

Na shemeji yako seremala tunamtakia maisha marefu, afanye kazi yake taratibu, asiharakishwe na mtu.

Ukitukumbuka, pita. Hakuna wa kumsubiri aje na ufunguo. Sogeza pazia, uingie.